Ukaguzi Unaoishia Getini: Maghala ya Mafuta na Mazingira ya Pwani

Tarehe 27 Aprili 1986 tangi la mafuta ghafi lilipasuka katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Bahía Las Minas, nchini Panama, upande wa bahari ya Karibi. Zaidi ya lita milioni 8 zilimwagika na kuenea katika mikoko, nyasi za baharini na matumbawe. Mafuta yamemwagika baharini mara nyingi na katika nchi nyingi, lakini tukio hili lina upekee wake. Taasisi ya Smithsonian ilikuwa na kituo cha utafiti pale jirani, Punta Galeta, na kwa miaka mingi watafiti wake walikuwa wamehesabu na kupima viumbe wa pwani ile. Ilipofika siku ya kuuliza kimepotea nini, daftari la kulinganishia lilikuwapo.

Daftari hilo lilibadili mambo mawili yaliyokuwa yakiaminika. La kwanza ni kwamba matumbawe yaliyo chini ya kina cha maji kupwa hayaguswi na mafuta yanayoelea juu. Yaliguswa, na mengi yakafa. La pili ni kwamba bahari hujisafisha upesi. Mikoko ilikufa katika eneo la karibu hekta 70, na tope lililokuwa limeshikwa na mizizi yake likageuka ghala jipya la mafuta. Zaidi ya miaka 5 baada ya ajali, tope hilo lilikuwa bado likiachia utando wa mafuta juu ya maji.

Katika pwani ya Afrika Mashariki mafuta yameshamwagika, ila daftari la namna ile halikuwapo. Mwaka 1988 tangi lilitoboka mjini Mombasa na takriban tani 5,000 za mafuta zikaingia hori ya Makupa. Wataalamu wa misitu ya bahari wanakadiria kuwa hekta 10 hivi za mikoko ziliangamia. Aprili 2005 meli ya mafuta ilivuja katika bandari hiyohiyo, na safari hii ikawa zamu ya mikoko ya hori ya Port Reitz kupakwa weusi. Mara zote mbili hasara ilikadiriwa baada ya ajali, kwa kutazama kilichobaki. Idadi ya kaa waliokuwa wakichimba katika tope lile, chaza walioshika mizizi, na kiasi cha mafuta kilichokuwa tayari kimezama humo kwa miaka mingi ya shughuli za bandari, havikuwa vimeandikwa kwa namna ambayo mkaguzi angeweza kuisimamia mahakamani.

Hapo ndipo hoja ya makala haya ilipo. Sheria za ukaguzi wa mazingira tunazo, na si mbaya. Kenya ilitunga Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira mwaka 1999, na kanuni za mwaka 2003 zikaweka wazi taratibu za tathmini ya athari na za ukaguzi. Tanzania ilipata Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004 na kanuni zake mwaka uliofuata. Tathmini hufanywa kabla ya mradi na hubashiri. Ukaguzi hufanywa mradi ukiwa kazini, na kazi yake ni kuuliza kama yale yaliyobashiriwa na kuahidiwa ndiyo yanayotendeka. Kasoro iko katika mahali macho ya mkaguzi yanapoelekezwa. Ukaguzi mwingi huanzia ofisini, hupita katika matangi, hutazama vizima moto na vibali, kisha huishia getini. Madhara ya ghala la mafuta la pwani hayaishii getini.

Chukua tangi moja la dizeli lenye lita milioni 20. Sakafu yake ni mabamba ya chuma yaliyolala juu ya mchanga, na chuma hicho hakuna anayekiona. Maji yaliyochanganyika na mafuta huzama taratibu na kutulia chini, na kwa kuwa ni maji ya pwani, chumvi haikosekani. Kutu huanzia hapo, kutoka ndani. Na nyingine hutoka upande wa udongo. Tundu la upana wa msumari linaweza kuvuja kwa miezi bila mtu kujua. Msimamizi wa ghala atasema kwamba hesabu za kila siku zingemwonyesha upungufu, lakini dizeli hutanuka kwa joto: kosa la nyuzi moja tu ya selisiasi katika kupima joto la tangi hilo hubadili hesabu kwa lita zipatazo 16,000. Uvujaji wa lita mia chache kwa siku unaweza kujificha ndani ya kosa hilo kwa muda mrefu, na vitabu vikaonekana safi.

Ndiyo maana kiwango namba 653 cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, kinachofuatwa katika nchi nyingi, kinataka tangi limwagwe, lisafishwe, lifunguliwe, na unene wa sakafu upimwe bamba kwa bamba. Pale ambapo kasi ya kutu haijulikani, kipimo hicho hakitakiwi kucheleweshwa zaidi ya miaka 10. Mkaguzi wa mazingira asiyeomba kuona karatasi za vipimo hivyo, tangi kwa tangi, pamoja na tarehe zake, hajakagua ghala. Na akishaziona, bado anahitaji visima vya uchunguzi, yaani mabomba membamba yaliyochimbiwa upande wa chini wa mteremko kuelekea baharini, ambamo maji ya ardhini huchotwa na kupimwa. Mafuta yakivuja chini ya tangi, visima hivyo ndivyo vitakavyosema kabla ya hori kusema.

Kisha kuna mvua. Kila kundi la matangi huzungushiwa ukuta wa kinga, na kwa desturi ya viwanda eneo lililozungushwa hutakiwa kubeba asilimia 110 ya ujazo wa tangi kubwa kuliko yote yaliyomo. Ukuta huohuo huzuia pia maji ya mvua. Milimita 100 za mvua juu ya hekta moja ni lita milioni 1 za maji, na mtu yeyote aliyewahi kukaa Tanga au Mombasa wakati wa masika anajua kwamba kiasi hicho hakihitaji majuma kupatikana. Maji hayo hayawezi kuachwa, kwa sababu yanapunguza nafasi ya kinga. Mfanyakazi hufungua vali, maji hupita katika chemba ya kutenganisha mafuta na maji, kisha huenda baharini. Vali ikisahauliwa wazi, ukuta wote hauna kazi. Chemba ikizidiwa na kasi ya maji, mafuta hupita nayo.

Mkaguzi anayekuja Januari, ardhi ikiwa kavu na kaskazi ikivuma, ataikuta vali imefungwa kwa kufuli na chemba imetulia kama kioo. Ataandika kwamba mfumo unafanya kazi. Ukaguzi huo ungefaa kufanywa mwishoni mwa Aprili, mvua ikiwa inanyesha, na chupa ya sampuli ikiwa mdomoni mwa mtaro.

Hata chupa nayo haisemi yote. Meli, kwa mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaojulikana kama MARPOL, haziruhusiwi kumwaga maji ya chumba cha mitambo yenye mafuta zaidi ya sehemu 15 kwa milioni. Ni kipimo kikali. Lakini hata kwa kipimo hicho, lita milioni 1 za maji hubeba lita 15 za mafuta, na ghala la nchi kavu halisafiri kama meli. Linamwaga mahali palepale, msimu baada ya msimu, katika hori ambayo maji yake hubadilika polepole. Sampuli ya maji inaeleza hali ya siku moja. Tope linaeleza miaka. Chaza nao, kwa kuwa huchuja maji mengi na hawahami, hukusanya mwilini kile kilichopita mbele yao. Marekani imekuwa ikitumia chaza na kome kupima uchafuzi wa pwani zake kitaifa tangu mwaka 1986. Vifaa vya kazi hiyo si vigeni kwa maabara za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wala kwa taasisi zake za utafiti wa bahari.

Ukuta wa kinga wenyewe unastahili neno zaidi. Desemba 2005, katika ghala la Buncefield kaskazini mwa London, tangi la petroli lilijazwa kupita kiasi kwa sababu kipimo cha kina kilikuwa kimekwama na swichi ya mwisho ya tahadhari haikufanya kazi. Mlipuko ulifuata, na moto ukawaka kwa siku kadhaa. Kuta za kinga zilikuwapo. Zilichokosa ni uwezo wa kutopitisha maji: viungo vya zege na sehemu ambazo mabomba hupenya vilivuja, na maji ya kuzimia moto, yakiwa yamechanganyika na povu la kemikali na mafuta, yakazama hadi kwenye maji ya ardhini. Mwaka 2010 kampuni 5 zilitozwa faini. Kule Matanzas, Cuba, Agosti 2022, radi ilipiga tangi la mafuta ghafi kando ya ghuba, na moto ukateketeza matangi 4 kati ya 8. Kutoka mikasa hiyo miwili mkaguzi anapata maswali ambayo fomu nyingi hazina nafasi yake: kuta zilijaribiwa lini kwa kujazwa maji, kinga ya radi ilipimwa lini, na maji ya kuzimia moto yatakwenda wapi kama si baharini?

Maswali haya yana uzito wa pekee Chongoleani, Tanga, ambako jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, liliwekwa Agosti 2017. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mwisho wake ni matangi 4 yenye uwezo wa mapipa 500,000 kila moja, na gati la kupakilia meli. Mafuta hayo, yatokayo eneo la Ziwa Albert, yana nta nyingi, na ndiyo sababu bomba zima limeundwa lipashwe joto ili yasigande. Bahari ya Tanga, hata katika miezi ya joto, haifikii joto linaloyaweka katika hali ya kimiminika. Yakimwagika, sehemu kubwa inatarajiwa kuganda kuwa mabonge yanayoelea, na mabonge hayo hayakusanywi kwa mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya utando mwepesi. Yatasukumwa na mkondo wa pwani, ambao huelekea kaskazini, na kukwama katika mizizi ya mikoko. Mkaguzi atakayehesabu vifaa vya dharura na kutia alama ya vema, bila kuuliza kama vimejaribiwa kwa mafuta ya aina hii, atakuwa amehesabu mapambo.

Jirani na hapo iko hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za dainosari hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Silikanti huvutia vichwa vya habari. Wanaokula kutoka bahari hiyo kila siku hawavutii: wavuvi wa ngalawa, na wanawake wanaochokoa pweza maji yanapokupwa wakati wa bamvua. Hawa ndio wanaoona mabadiliko mapema kuliko chombo chochote. Wanajua ni fungu gani limeacha kutoa pweza, na mtego upi umeanza kutoa samaki wenye harufu ya mafuta ya taa. Ushahidi wao hauna budi kuingia katika ripoti kwa tarehe na mahali, sawa na usomaji wa mita, na si kama orodha ya mahudhurio ya mkutano iliyobandikwa mwishoni. Kenya imeshaonja gharama ya kuwapuuza: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari, na mwaka uliofuata Baraza la Rufaa la Mazingira likafuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe hukohuko Lamu kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Wapo wanaotetea utaratibu wa sasa, ambapo mwenye ghala humlipa mtaalamu aliyesajiliwa amkague, na mamlaka hupokea ripoti. Wanasema mamlaka zina watumishi wachache, na kwamba anayeijua mitambo ni mwenye nayo. Kwa yaliyo ndani ya uzio wana haki. Hakuna mtumishi wa serikali atakayeijua sakafu ya tangi namba saba kuliko mhandisi anayeihudumia. Lakini kwa yaliyo nje ya uzio, yaani tope, chaza, visima na mdomo wa mtaro, hoja hiyo haina mashiko. Huko hakuna siri ya biashara. Kiasi cha mafuta katika tope la hori si mali ya kampuni, na mtu anayekipima hapaswi kuchaguliwa wala kulipwa moja kwa moja na anayeshukiwa kukimwaga. Ada ilipwe kwa mamlaka, mamlaka imteue mpimaji, na kampuni ipate nakala siku ileile ambayo umma unaipata.

Hoja hii inahusu pia maghala ya Kipevu mjini Mombasa na ya Kurasini jijini Dar es Salaam, na matangi mapya 15 ya Kigamboni, pia Dar es Salaam, yenye jumla ya mita za ujazo 378,000, ambayo mkataba wa ujenzi wake ulitiwa saini mwaka 2024. Tofauti ni kwamba Kipevu na Kurasini nafasi ya kupima kabla ilipita miongo mingi iliyopita. Kilichobaki ni kupima sasa na kuanza kuhesabu kuanzia sasa. Chongoleani kazi hiyo inapaswa kutangulia meli ya kwanza ya mafuta, katika vituo vilevile, masika na kiangazi. Taasisi za usimamizi wa mazingira za Tanzania na Kenya hazihitaji sheria mpya kwa ajili hiyo. Zitumie mamlaka ziliyonayo kuagiza vipimo vya nje ya uzio kwa kila ghala la mafuta la pwani, na namba zake zibandikwe kwa Kiswahili katika ofisi za vijiji na mitaa, na kwenye mialo ya wavuvi, kila mwaka.