Saa ya Babu au Saa Mpya? Historia ya Daytona kwa Bibi Harusi Anayetafuta Zawadi ya Mume



Tumezoea kukuandikieni habari za hina, udi, vikuba na nguo za kupambia kitanda. Leo tunaandika habari za saa ya mkononi ya mwanamme, na aliyetutia katika kazi hii ni bibi harusi mmoja ambaye ndoa yake, inshaallah, ni mfunguo tatu. Anataka kumpa mumewe zawadi ya saa. Babu yake, Allah amrehemu, alifanya kazi Maskati miaka mingi akarudi na Rolex ya chuma aina ya Daytona, ya miaka ya 1970. Toka afariki saa iko kabatini kwa bibi, imefungwa kwenye kitambaa. Bibi anasema ichukuliwe apewe bwana harusi. Kaka zake walioko Dubai wanasema iuzwe, inunuliwe Daytona mpya, na chenji itabaki. Yeye akatuuliza: ya zamani au mpya?

Swali lilionekana jepesi. Tulipoanza kulifuatilia tukakuta mambo mengi, mengine ya Uswisi na mengine ya nyumbani kabisa.

Kwanza tuseme kwa nini saa ya chuma. Wanaume wetu hawavai dhahabu, hilo kila mtoto wa chuoni analijua, na pete ya Mtume, rehma na amani zimshukie, ilikuwa ya fedha. Kwa hiyo saa ya dhahabu au ya nusu chuma nusu dhahabu haimo katika mazungumzo, hata muuzaji akikuapia kwamba ni "dhahabu nyeupe tu". Dhahabu nyeupe ni dhahabu. Daytona imetengenezwa kwa dhahabu na kwa chuma, na hii ya chuma ndiyo inayotuhusu.

Rolex waliitoa Daytona mwaka 1963. Ni kronografu, yaani saa yenye vifungo viwili ubavuni vya kuanzishia na kusimamishia mshale wa kuhesabu sekunde, na pete yenye namba inayozunguka kioo ili dereva wa mashindano ajue anakwenda mwendo gani. Jina limetokana na uwanja wa mbio za magari wa Daytona, Florida. Zile za mwanzo zilikuwa ndogo, upana wa milimita 37 hivi, kioo cha plastiki, na zikitiwa ufunguo kwa mkono kila siku. Na hazikuuzika! Zilikaa kwenye makabati ya maduka mpaka wenye maduka wakachoka nazo. Zilizododa zaidi ni zile zenye uso wa rangi mbili na namba za mtindo wa kizamani, ambazo watu waliziona za kitoto.

Hapo ndipo anapoingia mwanamke mmoja, Joanne Woodward. Alikuwa mwigizaji wa Marekani, mshindi wa tuzo ya Oscar, na mwaka 1958 aliolewa na mwigizaji mwenzake, Paul Newman. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walicheza pamoja filamu ya mbio za magari, na mume akatoka humo ameshikwa na ugonjwa wa magari kwelikweli, si wa filamu tena. Kila mwenye mume wa bodaboda anaijua hali aliyokuwa nayo Joanne. Akaenda dukani New York akanunua Daytona, moja katika zile za uso wa rangi mbili zisizopendwa, kwa bei ambayo inasemekana haikufika dola 300. Nyuma ya saa akachonga maneno machache yenye maana: Endesha kwa uangalifu. Mimi.

Hakuandika hata jina lake. Kwa mume, "mimi" inatosha.

Newman aliivaa saa ile miaka mingi, akapigwa picha nayo, na kwa sababu ya picha zile wakusanyaji wa saa, hasa Waitalia, wakaanza kuuita uso ule "Paul Newman". Saa iliyododa ikawa inatafutwa kwa tochi. Yeye mwenyewe hakujali. Mwaka 1984 kijana mmoja aliyekuwa mchumba wa binti yake alikuwa akitengeneza kibanda cha juu ya mti nyumbani kwao. Newman akamuuliza saa ngapi, kijana akasema hana saa, basi mzee akavua yake akampa. Tarehe 26 Oktoba 2017 saa hiyo hiyo ilinadiwa New York kwa dola milioni 17.75. Sehemu ya fedha ilikwenda kwenye mfuko wa hisani wa binti yule.

Tumeikawilia hadithi hii makusudi, kwa sababu watu wanaosema "za zamani ndizo zenye thamani" huisimulia nusu. Joanne hakununua saa ya zamani. Alinunua saa mpya, ya bei ya kawaida, ambayo wengi hawakuitaka. Uzee na sifa zilikuja baadaye, mkononi mwa mumewe.

Turudi kwenye mitambo, maana hapa ndipo tofauti ya zamani na mpya ilipo.

Mwaka 1969 mafundi wa Uswisi na wa Japani walikuwa wakishindana kutoa kronografu inayojitia ufunguo yenyewe kwa kutikisika kwa mkono. Zenith walikuwemo, Heuer na Breitling walikuwemo kwa pamoja, na Seiko wa Japani walikuwemo. Rolex hawakuwemo. Daytona ikabaki ya kutiwa ufunguo kwa vidole, na saa za betri zilipofurika duniani miaka ya 1970, ikaonekana kama kitu cha mjomba aliyepitwa na wakati. Zenith nao walipata msukosuko wao. Mwaka 1975 wenye kampuni, waliokuwa Wamarekani, waliamuru kazi ya saa za mitambo isimamishwe na vyombo viuzwe. Fundi mmoja, Charles Vermot, akavibeba kidogo kidogo vyombo vya kutengenezea mtambo ule wa 1969 akavificha darini, na kila kitu akakiandikia kinafanya kazi gani. Akatunza siri yake miaka kadhaa. Watu waliporudi kuzitaka saa za mitambo, vyombo vilishushwa kutoka darini, na mwaka 1988 Daytona ya kwanza inayojitia ufunguo ikatoka na mtambo wa Zenith, baada ya Rolex kuubadilisha sana na kuupunguza mapigo kutoka 36,000 hadi 28,800 kwa saa. Upana ukawa milimita 40, kioo kikawa cha yakuti ya kutengenezwa, kisichokwaruzika ovyo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 2000 Rolex waliweka mtambo wao wenyewe, unaokwenda saa 72 hivi bila kuvaliwa. Mwaka 2016 pete ya juu ya ile ya chuma ikawa ya seramiki nyeusi. Mwaka 2023 ukaja mtambo mpya na sura iliyonyooshwa kidogo. Asiyejua hataona tofauti, na sisi tulihitaji picha mbili ubavu kwa ubavu.

Sasa tuyapime kwa maisha ya mume wa kisiwani, mwenye kutawadha mara tano kwa siku na kuoga baharini Ijumaa.

Daytona nyingi za miaka ya 1960 vifungo vyake vilikuwa vya kubonyezwa tu, na maji si rafiki yake. Za miaka ya 1970, kama ile ya babu ambayo tuliiona kwa picha, nyingi vifungo vyake hukazwa kwa kuzungushwa, kwa hiyo zilistahimili maji zilipokuwa mpya. Lakini mipira ya ndani huzeeka, na chumvi ya bahari yetu haina huruma. Ya zamani ivuliwe kabla ya udhu, iwekwe juu. Ya sasa inahimili maji mpaka mita 100, ila nayo ilegezwe ili maji yafike kwenye ngozi ya mkono, tusisahau lililo muhimu. Usiku ni vivyo hivyo. Rangi ya kung'ara ya zamani ilitumia tritiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 hivi, kwa hiyo ya babu haing'ari tena na mtu anayeamkia tahajudi atawasha taa. Mpya hung'ara buluu gizani. Kwa kazi za kila siku, sisi tungemvalisha mpya bila kufikiri mara mbili.

Tahadhari moja lakini, na hii inaihusu mpya. Katika Daytona za siku hizi, hata za chuma, alama za masaa na mishale usoni ni dhahabu nyeupe ya karati 18, ili zisichakae. Katika madhehebu yetu ya Shafi wapo wanaokaza hata kwa dhahabu ndogo, na wapo wanavyuoni wengine waliolegeza kwa kitu kidogo kilichofuata kitu kikubwa. Hatutoi fatwa hapa. Tunachosema ni kwamba muuzaji hatakwambia usipomuuliza, basi uliza dukani, kisha muulize sheikh wako.

Na ya zamani ina mitego yake. Uso wa saa ndio unaobeba bei, kwa hiyo wapo wanaoweka uso wa bandia ndani ya saa ya kweli. Wapo wanaoing'arisha mpaka kingo zake zinayeyuka. Mwenye kuuza kitu chenye aibu bila kuisema, dini yetu imeshamhukumu. Tulimwambia bibi harusi wetu asimpe fundi yeyote ile saa aisafishe kwa kumfurahisha bwana harusi. Mikwaruzo ya babu ibaki. Pia amuulize ami yake wa Maskati kama kuna karatasi za dukani, na aangalie vizuri usoni, maana miaka ya 1970 Sultan Qaboos aliagiza Rolex za zawadi zenye jambia la Oman, Daytona chache zikiwemo, na yenye jambia la kweli bei yake ni nyingine kabisa. Ya babu haina jambia. Hata hivyo Daytona ya mpini ule, ikiwa ni ya kweli, huuzwa kwa bei ya mpya kadhaa, na mpya yenyewe ya chuma ni zaidi ya dola 15,000 kwa bei ya kiwandani.

Tulipomwambia hivyo alinyamaza kwenye simu. Nyumbani ilikuwa ikiitwa "saa ya babu" tu, kama vile fimbo yake na kofia zake, na mirathi ilipogawiwa hakuna aliyeitaja.

Hapo swali likageuka. Kitu chenye thamani ya nyumba ambacho hakikugawiwa hakina ruhusa ya kutolewa zawadi na mtu mmoja. Bibi ana thumuni yake, na hawezi kutoa zaidi ya hiyo. Waliobaki ni ami zake, baba yake na shangazi zake, kila mmoja na fungu lake. Shangazi mmoja alifariki Pemba baada ya babu, ameacha mume na watoto wawili, mdogo yuko darasa la nne. Fungu la watoto wale hakuna mkubwa anayeweza kulisamehe kwa niaba yao, hata kwa mapenzi gani. Na bibi harusi mwenyewe, kwa kuwa baba yake yu hai, si mrithi. Kaka zake wa Dubai pia si warithi, wala ile "chenji" haikuwa yao kuipangia.

Alilia kidogo, kisha akacheka. Alisema afadhali ameuliza kabla ya siku ya harusi kuliko mumewe kuvishwa mkono mali ya mayatima.

Saa imerudi kwenye kitambaa chake. Ami wa Maskati akishafika watakaa na kadhi, na baba yake amesema ikiwa fungu lake litatosha kitu, ataangalia. Yeye ameshaacha kungoja. Ameweka nia ya Seiko mpya ya chuma, inayojitia ufunguo yenyewe, kwa fedha zake za kushona. Kampuni hiyo, tulimkumbusha, ilikuwemo kwenye mashindano yale ya 1969 ambayo Rolex hawakuwemo.

Alituuliza pia kama Joanne alinunua saa nyingine. Ndiyo. Mwaka 1983 alimnunulia mumewe Daytona ya pili, bado ya kutiwa ufunguo kwa mkono, ya toleo linalofanana na la babu, akachonga: Endesha polepole, na safari hii akaweka jina. Mwaka 1995, akiwa na miaka 70, Newman alikuwa miongoni mwa madereva wa gari lililoshinda daraja lake katika mbio za saa 24 za Daytona.

Bibi harusi wetu amempata fundi wa kuchonga Darajani. Maneno yenyewe hakutuambia, na sisi hatukumuuliza.