Mimi, Kile na Kilatini: Historia ya Istilahi za Freud na Funzo Lake kwa Mtafsiri wa Kiswahili

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya maneno matatu ambayo mwanafunzi wa elimunafsi hukutana nayo mapema: id, ego na superego. Maneno hayo yamezoeleka kana kwamba ndiyo lugha ya Sigmund Freud (1856–1939), daktari wa Vienna aliyefundisha kuwa hulka ya mtu ni zao la nguvu zinazoshindana ndani yake, nyingi zikiwa zimefichika hata kwake mwenyewe. Ilhali Freud, alipoijenga nadharia hiyo, hakuyatumia. Dai letu ni kwamba tofauti baina ya alichoandika yeye na tunachosoma sisi si jambo dogo la msamiati, na kwamba mtafsiri wa Kiswahili anayeanzia kwenye Kiingereza hurithi uamuzi ambao hakuufanya.

Mwaka 1923 Freud alichapisha kitabu kifupi kiitwacho Das Ich und das Es. Ich ni kiwakilishi cha nafsi ya kwanza umoja, nacho yu nacho kila mtoto wa Kijerumani. Es ni kiwakilishi cha nafsi ya tatu, kisicho cha kiume wala cha kike, ambacho Wajerumani hukitumia pia pasipokuwa na mtenda anayejulikana, kwa mfano wanaposema kuwa mvua inanyesha. Freud alilipata Es kwa Georg Groddeck, daktari wa Baden-Baden, aliyechapisha Das Buch vom Es mwaka huohuo. Sehemu ya tatu, Über-Ich, ni Ich iliyo juu: sauti ya wazazi na ya jamii iliyokwisha kuingia ndani ya mtu na kumhukumu. Maneno hayo yalichaguliwa kwa makusudi. Mwaka 1926, katika kitabu cha kutetea haki ya wasio madaktari kutoa tiba hiyo, Freud alieleza kwamba viwakilishi vya kawaida vilipendelewa kuliko majina makubwa ya Kigiriki, ili nadharia isiachane na namna watu wenyewe wanavyofikiri.

Waingereza walifuata njia nyingine. Mwaka 1924 Ernest Jones alitoa faharasa ya istilahi kwa ajili ya watafsiri. Mwaka 1927 Joan Riviere alikifasiri kitabu cha 1923, na Ich na Es zikatokea kwa Kilatini. James Strachey akaimarisha desturi hiyo katika majuzuu 24 yaliyotoka baina ya 1953 na 1974. Besetzung, neno la kila siku lenye maana ya kushika au kukalia mahali, likawa cathexis, ambalo Strachey aliliunda kutokana na Kigiriki. Fehlleistung, ambalo sisi tungeligusia kwa kusema kuwa mtu ameteleza ulimi, likawa parapraxis. Lugha ya nyumbani ikavishwa joho la hospitali.

Mwaka 1983 Bruno Bettelheim, mzaliwa wa Vienna, alilalamika kwamba tafsiri hiyo ilimnyang'anya Freud roho yake. Lawama hiyo ina ukweli, lakini haifai kuzidishwa. Strachey alitaka neno moja litumike kwa maana moja tangu mwanzo hadi mwisho, na kazi yake ilimwezesha msomaji kuifuata hoja katika maelfu ya kurasa. Tena, kiwakilishi kilichogeuzwa kuwa nomino husikika vibaya kwa Kiingereza kuliko kwa Kijerumani. Hata hivyo, majuzuu yaliyosahihishwa na Mark Solms na kutolewa mwaka 2024 yanaonyesha kuwa mjadala haujafungwa: neno Trieb, ambalo Strachey alilifasiri kama silika, sasa limefasiriwa kama msukumo.

Zipo lugha ambazo hazikukimbilia Kilatini. Wafaransa husema moi, ça na surmoi. Kwa kuwa Kifaransa kina viwakilishi viwili vya nafsi ya kwanza, moi na je, Jacques Lacan aliweza kuvitenganisha na kujenga juu yake hoja ambayo Kijerumani hakikuidokeza waziwazi. Kiarabu nacho hutumia al-ana na al-huwa, yaani mimi na yeye.

Je, Kiswahili? Neno linalotujia haraka ni nafsi, lakini lina mizigo miwili. Katika sarufi tumekwisha kulipa kazi, tunapotaja nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Katika mafundisho ya Kiislamu lina daraja zake: nafsi iamrishayo maovu, nafsi ijilaumuyo na nafsi iliyotulia. Daraja hizo zinashawishi kulinganishwa na sehemu tatu za Freud, lakini zile ni hatua za kumwelekea Mungu, na hizi ni pande za ugomvi usiokwisha. Umimi na ubinafsi nayo hayafai, kwani yamekwisha kuwa maneno ya kulaumu.

Ukichunguza sarufi yetu, utaona kuwa njia haijaziba. Kama Wafaransa, tunacho kiwakilishi cha kusimama peke yake, mimi, na kiambishi ni- kinachoambatana na kitenzi. Tena tunasema, "Sijui kilichonipata," na "Sijui kilichonisukuma hata nikatamka vile." Hapa ki- ni mtenda asiye na jina, na msemaji amegeuka kuwa mtendwa katika sentensi yake mwenyewe. Maana hiyo iko karibu sana na Es. Kwa hiyo tunapendekeza Mimi, Kile na Mimi wa Juu, ili wenzetu wayapime.

Huenda mtu akasema kuwa istilahi za kimataifa hurahisisha mitihani. Ni kweli, lakini mgonjwa hafiki kwa mganga wake na istilahi; huja na sentensi. Mwanafunzi aliyefundishwa id huitafuta katika kitabu, na yule aliyefundishwa Kile atakisikia katika maneno ya mtu aliye mbele yake. Uchaguzi wa neno, basi, ni uchaguzi wa nani atakayeruhusiwa kuielewa nadharia.