Macho makavu: Nafuu ya matone ya asidi ya haialuroniki na mipaka yake

MACHO yanayowasha, yanayochoma na kuhisi kana kwamba yameingia mchanga ni adha wanayoifahamu vyema wakazi wa Mwala, Kaunti ya Machakos, hasa Agosti na Septemba, wakati mvua za masika zimesahaulika, za vuli hazijaanza na barabara za udongo za vijijini zinatimua vumbi. Huko Wamunyu, ambako Mutisya Munge alianzisha uchongaji wa vinyago baada ya kuuona Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, unga wa muhugu na mpingo unaopigwa msasa huzidisha usumbufu. Moshi wa kuni jikoni nao hauna huruma.

Miongoni mwa dawa zinazotumiwa kuleta nafuu ni matone yenye asidi ya haialuroniki, ambayo kwenye kibandiko cha chupa aghalabu huandikwa kama chumvi yake ya sodiamu. Neno asidi lisimtishe msomaji. Kiini hiki hakiunguzi. Kimo mwilini mwetu, katika ngozi, viungo na jicho lenyewe. Karl Meyer na John Palmer wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ndio waliokitambua mwaka 1934 katika ute unaojaza jicho la ng'ombe, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kioo. Zamani kilikamuliwa pia kutoka vishungi vya majogoo. Siku hizi kingi hutengenezwa kwa kuchachusha bakteria viwandani.

Ili kuelewa kazi yake, yafaa kukumbuka kwamba machozi si maji matupu. Juu pana utando wa mafuta kutoka tezi za kingo za kope, unaozuia maji yasipotee hewani. Katikati pana maji yenye chumvi na protini. Chini pana ute unaoyashikiza kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Tabaka moja likipungua, konea huachwa wazi na kukwaruzika. Ndiyo maana jicho kavu, ajabu kama linavyosikika, huweza kutiririka machozi: linajitetea.

Asidi ya haialuroniki hushika maji mengi kuliko uzito wake. Tena ina sifa adimu: mtu anapopepesa, hulainika na kutandaa, anapotulia, hurudia uzito wake na kukaa juu ya jicho. Kwa hiyo unyevu hudumu kuliko wa maji ya chumvi. Matone mengi huwa na kiwango cha asilimia 0.1 hadi 0.4.

Hata hivyo, hayapaswi kuabudiwa. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2016 ulionyesha kwamba aina nyingi za machozi bandia huenda zikawa na nguvu zinazokaribiana. Mwenye mfuko mwepesi aweza kuanza na aina ya bei nafuu bila kujiona amedhulumika. Jambo la kuuliza dukani ni kihifadhi. Benzalkoni kloridi, inayotiwa katika chupa nyingi ili kuzuia vijidudu, huweza yenyewe kuchubua konea ikiwa matone hutumiwa zaidi ya mara nne kwa siku.

Nawa mikono, vuta kope ya chini, dondosha tone moja, kisha fumba jicho kwa dakika moja. Tone la pili humwagika tu shavuni. Ncha ya chupa isiguse jicho, na chupa moja isitumiwe na jamaa nzima. Mwaka 2023 nchini Marekani, machozi bandia yaliyochafuliwa na bakteria yalihusishwa na maambukizi ya watu 81. Wanne walifariki na 14 wakapoteza uwezo wa kuona. Hayo yalikuwa ya aina nyingine, lakini uchafu hauchagui.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kutibu ukavu usio ukavu. Mtoto anayejikuna macho bila kukoma huenda ana mzio. Mtoto asiyeona vyema jioni na ambaye macho yake yamepoteza mng'ao huenda amekosa vitamini A. Huyo anahitaji vitamini hiyo upesi, wala matone hayatamwokoa. Kwa mtu mzima, kisukari, baridi yabisi, kukoma hedhi na baadhi ya dawa za mzio huweza kukausha macho, na chanzo kikiachwa ukavu hurejea. Ole wake anayenunua matone yenye steroidi bila kupimwa kwa kuwa yalimfaa jirani: yakitumiwa kwa muda mrefu huleta glakoma na mtoto wa jicho.

Maumivu makali, usaha, kuona ukungu, kuogopa mwanga au jicho moja kuwa jekundu ghafla si mambo ya duka la dawa. Mgonjwa aende Hospitali ya Mwala, au kliniki ya macho mjini Machakos. Vivyo hivyo mchongaji aliyerukiwa na kibanzi: asisugue, asitie matone wala dawa ya mitishamba, na akiona kibanzi kimechoma jicho, asikichomoe mwenyewe.