Maji Yaliyofungiwa Kizimbani

Kwetu Kigoma, kizimba ni cha kufugia samaki ziwani: wavu unawazuia samaki, maji yanapita. Mwaka 2011, huko Kyoto, Japani, Kei Kurotobi na Yasujiro Murata walifanya kinyume chake. Waliyafungia maji.

Kizimba chao kilikuwa molekuli ya atomi 60 za kaboni, iliyoungana kama mpira wa miguu. Iligunduliwa mwaka 1985 na Harold Kroto, Robert Curl, Richard Smalley na wanafunzi wao. Haina mlango. Basi wanakemia waliitoboa tundu, wakasukuma ndani molekuli moja ya maji kwa joto na shinikizo kubwa, kisha wakaliziba.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu maji hayakai peke yake. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, ni kimiminika kwa kuwa kila molekuli imeshikana na jirani zake. Kizimbani hakuna jirani, kwa hiyo tabia ya molekuli yenyewe inapimika.

Nimekulia Ujiji, kituo cha misafara ya pembe na watumwa katika karne ya 19, na neno “kufungia” hunifanya nisite. Pale, mtu alitengwa na jamaa zake ili auzike. Maji hayaumii, najua. Ila molekuli ile iliyotengwa haiwezi kuwa wimbi, wala barafu, wala kulowesha kidole. Hizo zote ni kazi za wengi.