Pesa Iliyotangulia

Kuna hadithi ambayo wawekezaji wa kampuni changa za teknolojia hawachoki kuisimulia, nami sichoki kuihoji.

Mwaka wa 1957 wahandisi wawili, Ken Olsen na Harlan Anderson, waliomba mtaji kwa kampuni moja ya Boston, American Research and Development. Kampuni hiyo ilianzishwa 1946 ili kutia pesa pale benki zilipoogopa. Aliyeiongoza ni Georges Doriot, mzaliwa wa Ufaransa, profesa wa Harvard na jenerali mstaafu wa jeshi la Marekani. Vijana walishauriwa wasitaje neno kompyuta, maana siku hizo kompyuta zilijulikana kwa kula hasara. Wakapewa dola 70,000, na kampuni ya Doriot ikachukua kama asilimia 70 ya hisa.

Digital Equipment Corporation ikaanza kazi katika kiwanda kikuukuu cha sufu mjini Maynard. Wateja wake walikuwa maabara na makampuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hisa zile zilikuwa zimepita thamani ya dola milioni 300. Hesabu ya biashara hii ikapatikana hapo, na haijabadilika: tia pesa kwa wengi, wengi waanguke, mmoja alipe deni la wote.

Sawa. Lakini Olsen alijifunzia wapi? Alitoka Lincoln Laboratory ya MIT, alikotengeneza kompyuta kwa pesa za jeshi. Yaani mlipa kodi wa Marekani alikuwa ameshamlipia karo. Doriot alithubutu, simnyimi haki yake, ila kuna aliyethubutu kabla yake.

Akili unde nayo ina hadithi kama hiyo. Mwaka wa 2004 Geoffrey Hinton na wenzake walifadhiliwa na CIFAR, taasisi ya Kanada inayosaidiwa na serikali, miaka mingi kabla mabilioni ya wawekezaji hayajamiminika.

Na hapa kwetu je? M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom Machi 2007. Majaribio yake yalisaidiwa na karibu pauni milioni moja kutoka idara ya maendeleo ya Uingereza, nayo Vodafone ikaongeza fungu lake. Pesa ya mlipa kodi tena, safari hii wa nchi nyingine.

Ndiyo maana nikiambiwa ati vijana wa Nairobi wanakwama kwa kukosa wawekezaji tu, naona tumeanza kuhesabu katikati. Mwekezaji huja kuchuma mti uliokwisha kumwagiliwa. Maabara za vyuo vyetu zikinyimwa bajeti, atakuja kuchuma nini? Na tukizilipia sisi wenyewe, basi tukubaliane mapema, kabla mtu hajasaini hundi, fungu la mwenye kumwagilia ni lipi.