Nyumba ya mawe iliyodumu kuliko shamba lake

MSAFIRI anayeingia Nairobi kutoka Mombasa hupitia Mlolongo, katika Kaunti ya Machakos, mji uliopata jina lake kutokana na msururu wa malori yanayosubiri kupimwa uzani. Kando ya barabara yamesimama majumba ya ghorofa ya mawe ya kijivu, na upande wa magharibi, siku isiyo na ukungu, huonekana milima ya Ngong. Chini ya milima hiyo ipo nyumba ya shamba, nayo ya mawe ya kijivu, iliyojengwa mwaka 1912.

Aliyeijenga ni Åke Sjögren, raia wa Uswidi. Mnamo 1917 ilinunuliwa na Bror Blixen na mkewe Karen, mwandishi kutoka Denmark, waliokuwa wamefunga ndoa Mombasa mwaka 1914. Iliitwa Mbogani. Mwenyewe aliamini maana yake ni nyumba ya msituni, ingawa mzawa wa Kiswahili husikia mboga, au pengine mbogo.

Umbo lake ni la bangalo, neno lenye asili ya Bengal, lililosambazwa na Waingereza katika makoloni yao. Ni nyumba ya chini isiyo na ghorofa, vyumba vyake vipana vimepangwa kwa kufuatana, paa ni la vigae, na mbele kuna baraza ya kukingia jua. Wakulima wa Ufaransa wa zamani nao walijenga nyumba ndefu za mawe, ila wao mara nyingi waliweka watu na mifugo chini ya paa moja. Kwa mlowezi wa Kenya, zizi lilikuwa mbali, na jiko pia lilitengwa nyuma ya nyumba ili moshi na moto visiwafikie wenyeji wake.

Mawe yalichaguliwa kwa sababu. Nairobi ya mwanzo, iliyozaliwa na reli, ilikuwa ya mbao na mabati. Mbao huliwa na mchwa, mabati huchoma mchana na kuganda usiku. Ukuta mnene wa mawe hupunguza joto la adhuhuri na baridi ya alfajiri, na penye mwinuko unaokaribia mita 1,800 baridi hiyo si ya mzaha.

Mwinuko huo huo ndio ulioliangamiza shamba. Kati ya maelfu ya ekari, takriban 600 pekee zilipandwa kahawa, nayo haikustawi: mahali palikuwa juu mno, na mvua ilikosekana mara kwa mara. Mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kiliteketea. Mnamo 1931 kampuni ya Karen Coffee ililiuza shamba, likagawanywa viwanja, na mtaa wa kifahari wa Karen ukazaliwa.

Ardhi hiyo haikuwa tupu Wazungu walipofika. Familia za Wakikuyu zilizoishi humo zilifanywa maskwota, zikilazimika kumtumikia mwenye shamba siku 180 kwa mwaka ili ziruhusiwe kulima na kulisha mifugo. Shamba lilipouzwa ziliamriwa kuhama. Karen Blixen aliisihi serikali ya kikoloni zisitawanywe, na hatimaye zikapewa mahali pamoja huko Dagoretti. Hata hivyo, ni fadhila ya ajabu kwa mtu kuombewa kipande cha nchi yake.

Serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hiyo kama zawadi ya uhuru. Ikatumika kama chuo cha lishe, kisha mwaka 1986, baada ya filamu ya *Out of Africa*, ikafunguliwa kuwa makavazi.

Samani zake nyingi zilikuwa zimenunuliwa na Lucie McMillan, aliyezipeleka katika maktaba ya Nairobi yenye jina la mumewe, Northrup, ambaye kaburi lake liko mlimani Ol Donyo Sabuk, huko huko Machakos. Baadhi ya samani hizo zimerudishwa Mbogani.