Tarehe ya Mailüfterl, Kompyuta ya Vienna

Hii ndiyo asili ya Mailüfterl, ambayo wazee wa fani pale Vienna huishuhudia kuwa kompyuta ya kwanza ya transista tupu kwenye bara la Ulaya. Mjenzi wake ni Heinz Zemanek, mzaliwa wa 1920, wakati ule mwalimu msaidizi tu katika Chuo cha Ufundi. Kibali cha wakubwa hakuwa nacho, wala fungu la fedha. Alianza mwaka 1956, nusu kwa siri, mafundi wake wakiwa wanafunzi. Transista akazipata kwa Philips, nazo zilikuwa za vifaa vya watu wasiosikia vizuri, nzito kama kobe. Kwa ustadi wake akazikimbiza hadi mapigo 132,000 kwa sekunde.

Kabati lilikuwa na upana wa mita 4. Ndani yake transista 3,000, daiodi 5,000, waya kilomita 20, na vifundo vya lehemu vipatavyo 100,000. Aliyewahi kujiunguza vidole akilehemu redio ataelewa.

Na jina je? Wamarekani pale MIT walikuwa na Whirlwind, yaani chamchela. Zemanek akasema yake haitakuwa chamchela wala tufani. Upepo mwanana wa Mei utatosha. Hiyo ndiyo maana ya Mailüfterl.

Siku ya 27 Mei 1958 mashine ikapewa namba 5,073,548,261, iseme kama ni tasa. Ikahangaika nayo dakika 66, kisha ikajibu: ni tasa, haigawiki.

Sasa lile gomvi. Waingereza hudai Manchester ilitangulia, 1953. Sawa, lakini mapigo ya mashine ile yalitoka kwenye valvu, zile taa za kioo za kabla ya transista, na asiyeacha valvu hajahama. Wakikutajia mashine ya Harwell, nayo ya kwao, 1955, hapo ugomvi ni mgumu, maana wale valvu walizikimbia kweli. Jibu langu ni moja: Uingereza ni kisiwa, nasi tunasema bara.

Wajapani nao walikuwa na ETL Mark III, 1956. Italia, Elea 9003 ya Olivetti, 1959, kazi ya Mario Tchou.

Mwaka 1961 Zemanek akahamia IBM na vijana wake, akaiongoza maabara yao mjini mwake. Alifariki 2014. Mashine ipo Technisches Museum, Vienna. Mwenye shaka aende akahesabu valvu.